Ng'ombe wa Lukresia

Luhende alikuja kuniambia kwamba mjukuu wangu si mjukuu wangu, na maneno hayo aliyasema huku anakula karanga zangu. Nilikuwa nazikaanga uani, kesho yake baada ya mnada wa Bariadi. Akavuta kigoda, akachota konzi nzima kwenye ungo, akapuliza maganda yakanirukia usoni.

"Shemeji," akasema, "ng'ombe wa kaka nataka kuwapeleka mnadani."

Luhende ni mdogo wa marehemu mume wangu, Maganga. Maganga alipofariki aliacha zizi limejaa, na zizi lile lilikuwa la mwanetu Ndaki, kwa sababu tulizaa wengi lakini Mungu alituachia huyo mmoja. Ndaki alikuwa askari, yuko mbali. Luhende akawachukua ng'ombe wakalale kwake, awachunge mpaka mwenyewe arudi. Hakurudi. Mwaka wa themanini na nane alikanyaga bomu la ardhini huko Msumbiji, jimbo la Zambezia, wakamzika huko huko. Ng'ombe wakabaki kumsubiri mtoto wake, Maige, ambaye siku hiyo ya karanga alikuwa kisimani na mama yake, Lukresia.

"Hao ng'ombe wana mwenyewe," nikamwambia.

"Nani?"

"Maige."

Akacheka mpaka karanga ikampalia. "Maige ni mtoto wa Mreno, shemeji. Lini sisi tulitoa ng'ombe kwa Wareno? Nani alipokea? Mtoto ambaye hakutolewa ng'ombe ni wa kina mama yake. Sheria hiyo sikuitunga mimi, niliikuta."

Na kweli aliikuta. Kwetu Usukumani ndivyo ilivyo. Ukizaa na mwanamke bila kupeleka ng'ombe kwao, mtoto ni wa baba yake huyo mwanamke, hata kama ana pua yako na mwendo wako. Maige alikuwa na mwendo wa Ndaki, ule wa kurusha mguu wa kushoto kama anaondoa mchanga, lakini mwendo haumpi mtu zizi.

"Kuna kampuni imekuja Bariadi kununua pamba," Luhende akaendelea. "Kampuni binafsi. Wanataka wakala mwenye gari. Pikapu ipo Mwanza, imetumika lakini injini ni nzima. Siku hizi ni ruksa, shemeji. Ushirika umekufa. Ukikaa na ng'ombe wanakula majani tu, wenzako wanakupita."

"Na Lukresia je?"

"Arudi kwao. Vita si vimeisha? Nimesikia kwenye redio wamepiga kura."

Akajifuta mikono kwenye suruali, akaondoka. Karanga nyingine zilikuwa zimeungua.

Nataka mjue huyo Lukresia ni nani, maana hapa Migato waliomwita Mreno ni wengi, na wengine walimwita hivyo bila ubaya, kwa sababu tu anajua lugha yao. Ni mweusi kuliko mimi. Amezaliwa Zambezia. Aliniambia mwenyewe, tukichambua pamba, kwamba babu yake alichapwa na Mreno kwa ajili ya pamba hii hii. Kwao pamba ililimwa kwa fimbo. Mtu alipewa kipande chake apende asipende, asipofikisha gunia anafungwa, mkewe anachukuliwa kwenda kufagia kwa msimamizi. Yeye alikuwa msichana mdogo Wareno walipofukuzwa. Anasema watu walicheza ngoma mpaka viatu vikaisha, wale waliokuwa na viatu. Baba yake akafundishwa uuguzi, akapewa zahanati ya bati mbili, na akina mama wakaanza kujifungua watoto wakaishi.

Halafu zikaanza kuja ndege. Makaburu wa Afrika Kusini hawakutaka kuona watu weusi jirani yao wanajitawala wakafanikiwa, basi wakawapa bunduki majambazi wa porini, wakawarushia na chakula na redio za kuongelea. Na hao majambazi hawakwenda kupigana na jeshi. Walikwenda kwenye zahanati. Walikwenda kwenye shule. Baba yake Lukresia walimkuta anamfunga mtoto kidonda. Mama yake, dada zake, kaka yake wa mwisho, wote siku moja. Lukresia alikuwa mtoni anafua bandeji. Ndivyo alivyobaki.

Waliosalimika walikimbilia kwenye daraja la mto ule, na darajani walikuwepo askari wetu waliotumwa na serikali kulilinda. Mmoja wao alikuwa Ndaki. Mengine ni ya vijana, sikumuuliza. Ndaki alipokufa, Lukresia alikuwa na mimba. Askari wetu wakarudishwa nyumbani, yeye akaachwa darajani na tumbo. Akajifungua, akatembea na wakimbizi wenzake mpaka akavuka Ruvuma, mtoto mgongoni. Kambini alikuwa na maneno matatu tu ya kumsaidia: Ndaki, Januarius, Maswa. Januarius alikuwa rafiki wa Ndaki jeshini, mtu wa Maswa mjini. Padre wa huko kusini akaandika barua kwa parokia ya Maswa, na Januarius, ambaye wakati huo alikuwa ameshaachishwa jeshi kwa sababu ya mguu, akasafiri kumfuata. Mtoto alikuwa na homa, wakakaa nyumbani kwa Januarius na mkewe Flora tangu kupanda hadi kuvuna. Ndipo Luhende akaenda kumleta hapa.

Ndiyo, Luhende. Mwaka ule alikwenda mwenyewe na alirudi anacheka, kwa sababu shamba lilikuwa kubwa na mikono haikutosha. Lukresia alipokuwa jembe alikuwa mkwe wetu. Kwa miaka mitano alimpalilia Luhende pamba yake, akamvunia, akamfungia robota. Sasa pikapu imeonekana Mwanza, amekuwa Mreno.

Nilivumilia mengi katika maisha yangu na watu hunisifu kwa hilo. Siku ile sikutaka sifa.

Jioni nilimwambia Lukresia. Alikuwa anasonga ugali. Hakuacha kusonga.

"Mayu," akasema, hivyo ndivyo tunavyowaita mama zetu, naye alikuwa amejifunza, "mimi kwetu hakuna mtu. Nikirudi nitarudi kwa nani?"

"Hurudi."

"Na tangu nimefika hapa sijamlilia Ndaki. Siku ya kwanza nililia, wanawake wakaniuliza, wewe unamlilia nani, wewe si mjane, hukuolewa. Nikanyamaza." Akaugeuza ugali kwenye sahani. "Waliniulia watu wa kwetu, na sasa kwa sababu waliniulia watu wa kupokea ng'ombe, mtoto wangu hana baba. Wanaua mara ngapi hawa?"

Nilikuwa na hasira, na hasira yangu huwa haina kelele. Nilikula ugali wote.

Asubuhi nilikwenda kwa mzee Salu. Salu ndiye aliyekuwa mkubwa wa banamhala, wazee wanaoamua mambo ya nzengo. Nzengo ni ujirani wetu, lakini ni zaidi ya ujirani, una sheria zake na faini zake, na hata mtu wa serikali akija hapa hufika kwanza kwa nzengo. Salu akaitisha kikao kwenye baraza la ghala la ushirika. Ghala lilikuwa tupu. Zamani msimu kama ule ungekuta marobota yamefika darini, sasa mbuzi ndio waliokuwa ndani.

Luhende alikuja na boksi la juisi kutoka Afrika Kusini, akawagawia wazee kila mmoja pakiti yake na mrija wake. Mzee mmoja aliugeuza geuza mrija asijue auchomeke wapi.

"Hii inatoka kwa makaburu?" nikamwuliza Luhende.

"Ya zamani hayo, shemeji. Sasa ni marafiki. Wanaleta biashara."

"Walileta na mabomu."

"Wewe na mabomu yako," akasema, akawageukia wazee. "Banamhala, mimi namheshimu shemeji yangu. Mwanawe alikufa, ni kweli, tulilia wote. Lakini alikufa kwenye vita vya Wareno. Angebaki hapa akalima, leo angekuwa hai. Alikufa bure. Sasa mnataka na ng'ombe wa kaka yangu wafe bure?"

Neno hilo. Bure. Nilikuwa nimekaa chini na wanawake, nikasimama.

"Luhende," nikasema, "mwanangu alikuwa analinda daraja. Kwenye daraja hilo walikuwepo wanawake na watoto ambao nyumba zao zimechomwa. Hao watoto wapo, wengine sasa wana ndevu. Wewe unaweza kusema hakuyalinda mahindi yako, hiyo nakubali. Usiseme bure."

Luhende akaona wazee wanamwangalia vibaya, akaona aibu, na mtu mwenye aibu hujitia ukubwa. Akasimama naye, akapiga kifua.

"Haya. Mimi si mtu mbaya. Nasema mbele ya banamhala: huyo mwanamke kama ana kwao, kwao waje. Waje hapa wakae, wadai ng'ombe kama watu. Siku hiyo hiyo nitawatoa. Kumi na tano, na lile dume la kaka juu yake. Na mtoto atakuwa wetu, nami nitamwita mjukuu. Wasipokuja kabla ya pamba kuisha, nauza."

Watu wakaguna. Kumi na tano na dume ilikuwa karibu zizi zima la Maganga. Alitaja nyingi hivyo kwa sababu alijua hakuna wa kuja. Nani angekuja, wale waliozikwa kwenye shimo moja?

Mzee Salu akaweka pakiti yake ya juisi chini. "Umesema mbele yetu, Luhende."

"Nimesema."

"Tumesikia."

Nilirudi nyumbani na neno lile, nalichambua kama pamba yenye mbegu. Siku mbili sikuweza kufanya kazi nyingine. Siku ya tatu nikapanda lori la pumba kwenda Maswa.

Januarius alikuwa mlinzi wa kiwanda cha kuchambulia pamba, lakini kiwanda nacho kilikuwa kinauzwa na walinzi wamepunguzwa. Nilimkuta nyumbani anashona viatu vya watu, mguu wake mbaya ameunyoosha mbele. Flora akanipa maji na kiti. Nikawaeleza yote, mwanzo mpaka mwisho, na nilipofika kwenye kumi na tano na dume, Flora akapiga kofi.

"Amesema hivyo? Yule mzee aliyekuja kumchukua Lukresia?"

"Huyo huyo."

"Nilimchinjia jogoo," Flora akasema. "Nikampa na firigisi. Mimi firigisi simpi mtu hivi hivi, nilimpa kwa sababu alikuja kama baba wa muoaji. Akala, akalamba vidole, akaniambia asante kwa kumtunza mkwe wetu. Maneno yake hayo."

Januarius alikuwa ameacha kushona. "Mama," akaniambia, "unataka nisimame kama kwao."

"Ulimfuata mpakani. Alitoka nyumbani kwako kuja kwangu. Bibi arusi huposwa kwenye nyumba aliyotoka."

"Watasema mimi tapeli. Mtu amepunguzwa kazi, ghafla anatokea kula mahari ya mkimbizi."

"Watasema."

"Na nikipokea, nimepokea. Ng'ombe wakitoka hapa kwa siri usiku wa manane kurudi kwako, hiyo si mahari, ni mchezo wa kuigiza, na banamhala watalifuta jambo lote. Watakuja Maswa na watalala Maswa. Umelifikiria hilo, mama? Hao ng'ombe mlifuga wewe na mzee."

Nililifikiria. Dume lile mama yake alikuwa wa kwanza kuingia zizini kwetu, alikuja kutoka mahari ya dada yake Maganga. Ng'ombe wengine nilikuwa nawajua kwa kukohoa. Nikifanya hivi mtoto atapata jina, lakini zizi atakaloachiwa litakuwa limebaki na ndama na vibogoyo. Nisipofanya, hatapata jina wala zizi. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba ng'ombe wa Migato, ambao hawajawahi kuona bahari wala mpaka, nao wangekwenda kulipia vita vya makaburu. Wale waliotuma ndege hawakutoa hata mbuzi.

"Chukua," nikamwambia. "Chukua kweli kweli. Ila usimwonee huruma Luhende wakati wa kuchagua."

Januarius akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hilo usinifundishe. Nilikuwa koplo."

Wakaja siku ya Jumamosi. Januarius na fimbo yake, Flora amevaa khanga mpya, na wanaume wawili wa Maswa waliokuwa jeshini pamoja naye na Ndaki. Wakakaa nje ya uwanja wa Luhende, kama inavyotakiwa, wakisubiri kukaribishwa. Banamhala walikuwepo, na nzengo nzima, kwa sababu habari ilikuwa imetembea.

"Mwangaluka," Januarius akaamkia kutoka pale nje.

"Mwangaluka," Luhende akaitikia. "Karibuni. Mnatafuta kazi?"

"Tumekuja kudai ng'ombe wa binti yetu Lukresia."

Luhende akaangalia kulia na kushoto, akaangua kicheko, na baadhi ya watu wakacheka naye. "Wewe Msukuma wa Maswa, tangu lini umezaa Mreno? Banamhala, mnaona? Shemeji amekodi watu."

Mzee Salu hakucheka. Akaomba kigoda chake kisogezwe katikati.

"Luhende, nikuulize. Huyu mwanamke alipokuja Migato, nani alimleta?"

"Mimi."

"Ulimtoa wapi? Njiani?"

"Maswa."

"Nyumba ya nani?"

Luhende akamwonyesha Januarius kwa kidevu. "Ya huyu."

"Ulipofika ulisema umekuja kufanya nini?"

"Kumchukua mke wa Ndaki. Nilisema hivyo tu, kwa heshima."

"Ulikula?"

"Mzee, safari ndefu, mtu lazima ale."

"Ulikula nini?"

"Kuku."

"Firigisi alikula nani?" Flora akauliza kutoka nje, na watu wote wakamgeukia.

Luhende akajikuna shingo. Wanawake wa nzengo walikuwa wameanza kucheka, na safari hii hawakuwa wanacheka naye. Kwetu mwanaume hali firigisi kwenye nyumba ya watu halafu akasema hawajui.

"Nilikula mimi," akasema.

"Basi," Salu akasema. "Ulikwenda kwao, ukajitambulisha kama baba wa muoaji, ukapewa firigisi, ukamchukua binti, ukaondoka bila kutoa hata kamba. Hawa watu wamekuwa wavumilivu. Wangekuja mwaka ule ule ningewapa haki."

"Lakini kwao si kule kwa Wareno? Hawa si damu yake."

Ndipo Lukresia akatoka ndani. Haikuwa desturi, bibi arusi hukaa ndani amefunikwa. Alikuwa amejifunika khanga kichwani, akaivuta nyuma.

"Baba mdogo," akamwambia Luhende kwa Kisukuma, kwa lafudhi yake ile inayovuta maneno, "mimi si Mreno. Mreno alimchapa babu yangu. Baba yangu alikuwa na jina lake, na alikuwa muuguzi. Waliomuua walilishwa na watu waliotengeneza ile juisi yako. Damu yangu yote iko kwenye shimo, ukitaka nenda ukaiulize. Huyu Januarius alinibebea mtoto kwenye mguu mbovu. Kama yeye si kwetu, basi sema wewe kwetu ni wapi, maana umenilimisha miaka mitano na mtu hulimisha mkwe."

Akarudi ndani. Hakuna aliyemkaripia.

"Muoaji amekufa," Luhende akasema. Ilikuwa hoja yake ya mwisho na alijua ni dhaifu. "Nani anaoa?"

"Ng'ombe hutolewa na ukoo," Salu akamjibu. "Ukoo umekufa?"

Luhende akaondoka kwenda zizini.

Alileta wa kwanza sita, na hapo ndipo nilipofurahi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, ingawa sikuruhusiwa kuonyesha. Mama wa muoaji anakaa chini na kunyamaza, akitukanwa anashukuru. Nilikaa chini.

Januarius alizunguka akichechemea, akashika mkia huyu, akafungua mdomo yule. "Huyu alizaliwa kabla ya Azimio la Arusha. Rudisha."

"Anazaa bado," Luhende akasema.

"Anazaa nini, hadithi? Rudisha. Na huyu mbavu zake nilikuwa naziona tangu nikiwa Maswa. Na huyu jicho."

"Jicho liko sawa."

"Liko sawa, lakini lingine liko wapi?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wakati huo Flora alikuwa ananigeukia mimi. "Na huyu mama mkwe, anajua kupika kweli? Binti yetu tulimtoa kwetu mnene."

"Nitajifunza," nikasema, na nilisema nimeinamisha kichwa.

"Na mvua inavuja huko ndani?"

"Tutaezeka."

Wale wanaume wawili wa jeshini walirudisha ng'ombe mara nne. Kila Luhende alipokwenda zizini alirudi na mnyama mzuri kuliko wa mwanzo, uso umemkunjamana, jasho linamtiririka, na nilijua kila mmoja anayeletwa ni tairi au usukani wa ile pikapu ya Mwanza. Hadi jua linasogea magharibi walikuwa wametimia. Dume likaja mwisho. Nililitazama, nikageuza uso.

"Sasa sema," Salu akamwambia Luhende.

"Niseme nini?"

"Uliahidi utamwita."

Maige alikuwa amesimama na watoto wenzake kwenye ua. Luhende akamwangalia. Sijui aliona nini, labda ule mguu wa kushoto.

"Njoo, mjukuu," akasema. "Mtoto wa Ndaki, wa Maganga. Njoo ushike fimbo uwasindikize ng'ombe wa mama yako mpaka barabarani."

Akasema vizuri, nakiri. Alilazimishwa, lakini aliyasema mbele ya watu na hayafutiki.

Ng'ombe walipopotea kwenye barabara ya Maswa, na vumbi likatulia, watu walianza kukusanya vigoda. Salu akawazuia.

"Hakuna kuondoka. Huyu mwanamke asubuhi hakuwa mke. Sasa ni mke, na mume wake amekufa. Nzengo ina msiba."

Wengi hawakuelewa kwanza. Halafu wanawake wakaelewa, wakashika mitungi kwenda kuchota maji. Mmoja akaleta kuni, mwingine unga. Nikachukua wembe mimi mwenyewe, nikamkalisha Lukresia kwenye mkeka uani kwangu, nikamnyoa kama mjane anavyonyolewa. Nikamkata kidogo nyuma ya sikio. Nilipomaliza akaanza kulia. Alimwita Ndaki kwa lugha ya kwao.

Halafu akamwita baba yake. Akamwita mama yake. Akataja dada zake mmoja mmoja, na kaka yake yule mdogo. Wanawake wa Migato walisikia majina wasiyoyajua, wakaangaliana. Ndipo mmoja akasema, hao si wakwe zetu sasa? Na mkwe akifa si tunalia? Basi wakalia. Kila jina alilolitaja walilipokea, wakalililia kwa sauti kama mtu aliyekufa jana hapo jirani. Hata mke wa Luhende alilia, na Luhende alileta debe la unga, akaliweka mlangoni bila kumsalimu mtu.

Mimi nililia kidogo. Nilikuwa na hasira bado, na nilipendelea kuwa nayo.

Kwenye nzengo yetu, mtu ambaye hafiki msibani hutozwa faini. Siku ya tatu Salu huzunguka kuuliza nani hakuja, ili ajulikane. Alipofika kwangu akauliza kama anavyouliza kila mahali.

"Mama Ndaki, kuna ambaye hakufika?"

"Wapo," nikamwambia. "Wale waliotoa bunduki. Na wale waliorusha ndege. Wote hawakufika, na wala hawakutuma mtu."

Mzee akasimama pale, fimbo mkononi. Nilidhani ataniambia niache maneno.

"Wanakaa wapi hao?" akauliza.

"Mbali."

"Wataje tu," akasema, akakaa kwenye kigoda. "Nataka kusikia."